Kutoboa tundu jembamba na refu kwenye stenlesi: mwongozo kwa mafundi wa vyombo vya baharini Lamu

Usukani ukianza kukaza au kugonga ndani ya bushi zake (vikombe vya shaba ambamo pini ya usukani huzunguka), wengi hukimbilia kutengeneza pini nene zaidi. Mara nyingi kinachokosekana ni grisi tu. Haifiki pale pini na bushi zinaposuguana, na mahali penyewe kidole hakiingii. Njia nzuri ni kuitoboa pini katikati kwa urefu wake, tundu hilo likutane na jingine la ubavuni, kisha juu ifungwe nipeli, kijimdomo cha kupigia grisi. Kwenye chuma cha kawaida kazi hii haina shida kubwa. Kwenye stenlesi ndipo biti (ncha ya kutobolea) inapokatikia ndani, pini uliyoinunua ghali ikawa haifai tena, na nahodha amesimama mlangoni anauliza kama chombo kitashuka bamvua hii.

Nitaifuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: pini ya stenlesi yenye unene wa milimita 20, tundu la katikati la milimita 4 lenye kina cha milimita 70. Gawanya 70 kwa 4, utapata kina cha mara kumi na saba na nusu ya upana. Mafundi huanza kuliita tundu refu likipita mara tano ya upana wake, na likipita mara kumi lazima ubadilishe namna ya kufanya kazi. Ukiwa na kipimo tofauti, hesabu ni zile zile, badilisha namba tu.

Stenlesi inakataa nini

Stenlesi tunayotumia kwenye vyombo, ya daraja la 304 na la 316, ina tabia mbili ambazo lazima uzijue kabla ya kuwasha mashine. Ya kwanza, haisafirishi joto vizuri. Inapitisha joto kwa kiasi cha theluthi moja tu ya chuma cha kawaida. Moto unaotokea kwenye ncha ya biti hausambai kwenye pini, unabaki pale pale kwenye makali na kuyaua.

Ya pili ndiyo inayovunja biti nyingi. Stenlesi ikisuguliwa bila kukatwa, ngozi yake ya juu hukakamaa. Biti ikizunguka mahali pamoja kwa sekunde chache tu huku mkono umelegea, sakafu ya tundu inang'aa na kuwa ngumu kuliko chuma kilicho chini yake. Ukirudi kusukuma, biti inateleza. Ukiongeza mwendo, joto linapanda na makali yanakufa. Ukisukuma kwa hasira, inakatika.

Kanuni inayotawala kazi yote basi ni moja: biti ikigusa chuma, iwe inakata. Kama haikati, iwe imetoka nje. Fundi anayeogopa kuvunja biti hubonyeza kidogo kidogo kwa woga, na woga huo ndio unaoivunja. Stenlesi inataka mwendo wa pole na mkono wenye nia.

Jua chuma ulichoshika

Kwa kitu kinachokaa baharini, tafuta 316. Ina molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3, ambayo 304 haina, na hiyo ndiyo inayoisaidia kustahimili chumvi. Kuna 303 pia, imetiwa salfa ili ikatike kwa urahisi, na kweli kuitoboa ni raha, lakini salfa hiyo hiyo inaipunguzia nguvu mbele ya maji ya bahari. Usiitie kwenye usukani.

Ukinunua kwa wauza chuma chakavu, beba sumaku, ila usiiamini kupita kiasi. Ikishika kwa nguvu, hiyo si 304 wala 316. Isiposhika, bado hujui kama ni 304 au 316. Tena ipo stenlesi ya bei nafuu, ile ya daraja la 200, iliyopunguziwa nikeli na kuongezwa manganizi. Nayo kwa kawaida haishiki sumaku, inakakamaa upesi zaidi, na baharini inaanza kutu mapema. Kwa pini ya usukani, bora ulipe zaidi kwa fito mpya yenye alama ya daraja lake kuliko kubahatisha.

Biti

Hapa usibane pesa. Biti nyeusi za kawaida zilizochongwa kwa nyuzi 118 zitaanza vizuri na kufa kabla ya kina cha milimita 20. Unachotaka ni biti ya kobalti, ya asilimia 5 (M35) au asilimia 8 (M42), yenye ncha ya nyuzi 135 iliyochongwa msalaba kwenye kilele. Ncha ya namna hiyo inakata hadi katikati. Ncha ya kawaida katikati yake haikati, inasukuma tu, na kwenye stenlesi kusukuma ndiko kukakamaza.

Biti za kabaidi ni ngumu zaidi na zinafanya kazi nzuri kwenye mashine imara zenye mafuta yanayopita ndani ya biti. Kwenye lethi (mashine inayozungusha chuma) kuukuu yenye chaki, yaani kishikio, inayoyumba, kabaidi ya milimita 4 inakatika kama kijiti kikavu. Kwa karakana zetu nyingi, kobalti ndiyo chaguo.

Nunua urefu wa aina tatu za biti hiyo hiyo ya milimita 4. Biti fupi ya kipimo cha Kijerumani cha DIN 1897 ina urefu wa milimita 55 na mifereji ya milimita 22. Ya kawaida, DIN 338, ina milimita 75 na mifereji ya 43. Ndefu, DIN 340, ina milimita 119 na mifereji ya 78. Angalia hiyo namba ya mifereji kuliko urefu wa biti nzima. Mfereji ukizama wote ndani ya tundu, taka za chuma hazina pa kutokea, zinajazana, na biti inakwama papo hapo. Acha angalau mara moja na nusu ya upana wa biti ibaki nje. Kwetu hapa ni milimita 6, na 78 ukitoa 70 inabaki 8. Inatosha, lakini kwa shida. Ungetaka tundu la milimita 75, ungehitaji biti ndefu zaidi, DIN 1869.

Ile ndefu nunua tatu kwa pini moja. Kama umeagiza Mombasa, mzigo unapita Malindi hadi Mokowe kwa basi na kuvuka kwa boti, na chombo kilichopandishwa pwani hakingojei mzigo.

Mafuta

Mafuta bora ni yale ya kukatia chuma yenye salfa, mazito kiasi cha kushika kwenye biti. Yale meupe yanayochanganywa na maji yanapoza vizuri, lakini kwenye tundu refu na jembamba bila pampu hayafiki chini.

Ukikosa, mafuta ya nazi yanafanya kazi ya heshima. Yanashika kwenye makali, yanapunguza msuguano, hayadhuru ngozi, na hapa pwani hayakosekani. Mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika usiyatie, ingawa nayaona kila karakana. Hayakutengenezwa kwa kukata, yana masizi na chembe za chuma, na mkono unaoyashika kila siku unayanywa kupitia ngozi. Yana vitu vinavyosababisha saratani. Mafuta ya taa nayo yaache kwa alumini.

Kupanga mashine

Tundu hili litobolewe kwenye lethi kama kuna lethi yoyote ya kufikia. Sababu haihusiani na nguvu. Pini ikizunguka na biti ikitulia, tundu linafuata katikati vizuri zaidi kuliko biti ikizunguka na pini ikitulia. Kwenye drili ya kusimama, biti ndefu ya milimita 4 ikianza kupinda upande mmoja huendelea na upande huo huo, na kwenye kina cha 70 unaweza kukuta tundu limekaribia ubavu.

Kwanza hakikisha mkia wa lethi, ule unaoshika biti, unatazamana sawasawa na kichwa chake. Weka senta mbili zenye ncha, moja kila upande, zikaribishe, kisha zibane kidogo rula nyembamba ya chuma katikati yao. Tazama rula. Ikisimama wima bila kuinama wala kugeuka, uko salama. Ikiinama au kugeuka, ncha hazikutani, na mkia unahitaji kusogezwa kwa skrubu zake za ubavuni. Biti ya milimita 4 iliyolazimishwa kupinda kila mzunguko haitafika chini, hata uwe na mafuta ya aina gani.

Funga pini ikitokeza kidogo tu nje ya chaki. Kata uso wake uwe bapa kabisa, usiache kinundu katikati. Usigonge panchi, ile ncha ya kuwekea alama. Kwenye chuma cha kawaida panchi ni mwanzo mzuri. Kwenye stenlesi unakakamaza pale pale unapotaka biti iingie.

Kabla ya kuwasha, kunja mikono ya shati juu ya kiwiko. Kanzu na kikoi kilicholegea vikae mbali na mashine inayozunguka, na glavu pia zivuliwe. Uzi wa stenlesi unaotoka kwenye biti ni mkali kama wembe na unavuta nguo na kidole kwa pamoja. Miwani ya kinga ivaliwe muda wote.

Mwendo

Kwa biti ya kobalti kwenye 316, anza na mita 8 kwa dakika (mwendo wa ukingo wa biti juu ya chuma) kwa biti fupi, na ushuke hadi mita 5 au 6 kwa biti ndefu. Kupata mizunguko, zidisha mita hizo kwa 1000, gawanya kwa 3.14, gawanya tena kwa upana wa biti. Mita 8 kwa biti ya milimita 4 ni mizunguko kama 640 kwa dakika. Mita 5 na nusu ni kama 440. Mashine yako ikiwa na hatua za mkanda tu, chagua iliyo chini, usichague iliyo juu.

Kasi ya kusukuma iwe karibu milimita 0.04 kwa kila mzunguko. Kwa mkono huwezi kupima hivyo, kwa hiyo itazame kwa muda: kwa mizunguko 640, milimita moja ichukue sekunde mbili na nusu hivi, kwa 440, sekunde tatu na kidogo. Fanya mazoezi kwenye kipande cha chakavu hadi mkono uizoee kasi hiyo kwenye gurudumu la mkia. Wanaoshindwa, wengi wao husukuma polepole mno.

Kutoboa

Anza na biti fupi. Ni ngumu kupinda na ndiyo itakayoamua njia ya nyingine zote. Watu wengi huanza na biti ya senta ya nyuzi 60, lakini shimo lake lenye mwinuko mkali hufanya biti ya nyuzi 135 ishike kwa pembe za nje kwanza, na pembe hizo ndizo dhaifu. Kama biti fupi imefungwa karibu na chaki, itajianzia yenyewe. Tia mafuta, iguse, na mara tu inapogusa isukume kwa nia hadi milimita 12 bila kusita. Itoe.

Badilisha uweke ya kawaida. Hapa ndipo kutoa na kurudisha kunapoanza. Ingia, kata milimita 4, toa biti nje kabisa, ipanguse kwa brashi yenye mafuta, rudisha. Kutoa nusu hakufai, kwa sababu taka zinashuka tena chini na biti inazisaga badala ya kukata chuma kipya. Taka zilizosagwa zinakakamaa na kukakamaza sakafu. Endelea hivyo hadi milimita 35.

Kwa biti ndefu, punguza mwendo. Iingize ndani ya tundu mashine ikiwa imesimama au inazunguka polepole sana, kwa sababu biti ndefu hupinda upesi, na ncha yake hupiga mdomo wa tundu linalozunguka kwa kasi. Ikishaingia, washa. Kata milimita 4, kisha ukipita kina cha 45 punguza iwe milimita 2 kila mara, na karibu na mwisho hata milimita moja na nusu. Funga kipande cha utepe kwenye biti au andika alama kwenye mkia ujue sakafu iko wapi. Unaporudi, shuka haraka hadi nusu milimita juu ya sakafu, simama kidogo ukijua umefika, kisha ingia kwa kasi ile ile yako ya kawaida. Sehemu hii ndiyo yenye hatari kuliko zote, kwa sababu ukigusa sakafu taratibu unaisugua, na kila kurudi kunaongeza ugumu.

Kila ukitoa, tazama kilichotoka na usikilize. Nyuzi zenye rangi ya fedha au manjano hafifu ni dalili njema. Zikiwa buluu, joto limezidi kwa biti ya kobalti, punguza mwendo. Zikiwa unga, biti inasaga. Ikilia mluzi, toka hapo hapo. Chukua biti, igeuze juani: makali mapya hayaonekani, ni mstari tu, makali yaliyokufa yanarudisha mwanga kama uzi mweupe mwembamba, hasa kwenye pembe za nje. Ukiuona uzi huo, weka biti nyingine. Kwa pini hii mimi hubadilisha biti ndefu tundu likibakisha milimita 15, hata kama ya kwanza bado inakata. Pini ina thamani kuliko biti, na robo ya mwisho ndiyo inayozika kazi nyingi.

Usianze na biti ya milimita 2 au 3 kisha upanue. Biti ya milimita 2 kwenye kina hicho ni dhaifu zaidi, na ile ya 4 ikifuata nyuma itakula ngozi iliyokwisha kukakamaa kwa pembe zake tu. Fika kipimo chako kwa mkupuo mmoja.

Ikigoma

Biti ikiacha kukata kabla ya kina, usibonyeze zaidi. Safisha tundu, weka biti mpya yenye makali, shusha mwendo hadi mita 4 kwa dakika, jaza mafuta, na ingia kwa msukumo mkubwa na wa moja kwa moja ili makali yapite chini ya ile ngozi ngumu. Mara nyingi inavunjika ngozi na kazi inaendelea. Isipoweza, na kama muundo wa pini unaruhusu tundu kupita, igeuze utoboe kutoka upande wa pili hadi matundu yakutane. Grisi haijali kinundu kidogo pale katikati.

Biti ikikatika ndani, kwanza jaribu kuitikisa itoke kwa waya mgumu na hewa, ukiwa na miwani. Ikiwa imebanwa, suluhisho la kweli ni mashine ya kula chuma kwa cheche za umeme, inayopatikana kwenye karakana kubwa. Kutoboa juu ya biti iliyokatika kwa biti nyingine ya kobalti ni kupoteza mbili.

Tundu la ubavuni na nipeli

Toboa la katikati kwanza, la ubavuni baadaye. Ukifanya kinyume, biti ndefu na laini ndiyo itakayovunja ukuta wa tundu jingine, ikikata upande mmoja na kukosa upande mwingine. Iachie biti fupi kazi hiyo.

Pini ilale kwenye kitako chenye umbo la V, ibanwe, na pale mahali pa kutoboa, milimita 62 kutoka juu, papigwe tupa kidogo ili biti ipate uso bapa wa kuanzia. Tupa iwe mpya au ya stenlesi tu. Ile iliyokula chuma cha kawaida huacha chembe zinazoota kutu juu ya pini nzuri. Toboa kwa milimita 4 hadi utokee upande wa pili. Unapokaribia kukutana na tundu la katikati, kaza mkono usiache biti ijivute yenyewe.

Kwa nipeli ya M6 (yenye skrubu ya milimita 6), panua milimita 10 za juu kwa biti ya milimita 5.1. Hii ni mara pekee tunapopanua, na kwa sababu ni kina kifupi, biti fupi iingie polepole kwa msukumo thabiti isimalize kwa kusugua. Kitabu kinasema milimita 5, lakini ile sehemu ya kumi ya ziada inailinda tapu, kifaa cha kuchonga tredi (mizinguo ya skrubu) ndani ya tundu, na tredi bado ina nguvu za kutosha kwa nipeli. Pitisha tapu kwa mafuta yale yale, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, kila mara ukihisi inakata.

Ondoa makali yaliyochomoza kwenye matundu ya ubavuni, kwani bushi ya shaba nyeusi itakwaruzwa na kipande kidogo mno kisichoonekana. Ndani ya makutano kuna pia vinundu. Pitisha biti ya milimita 4 kwa mkono kwenye tundu la katikati, ukiizungusha kwa vidole, ivisukume vitoke. Osha pini yote kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji matamu, hasa kama umetumia mafuta yenye salfa, kwa sababu salfa huichafua shaba. Kausha.

Sasa funga nipeli na upige grisi kwa pampu kabla pini haijaingia chomboni. Grisi itokee kwenye matundu yote mawili ya ubavuni, na itokee kwa kiasi sawa. Ikitokea upande mmoja tu, bado kuna kinundu au uzi umeziba kwenye makutano: fungua nipeli, pitisha biti tena kwa mkono, piga upya. Usimpe nahodha pini ambayo grisi yake inatoka upande mmoja, maana upande mkavu ukijaa maji ya bahari yasiyotembea, hata 316 itaanza kuliwa hapo ndani. Mpe na maelekezo: apige grisi hadi ile safi itoke, kila chombo kinapopandishwa, na kabla ya kusi kukaza.